Mbwa kapata daktari, mjukuu kakosa tranka

Ndugu Mshauri,

Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana huku Ugogo. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 66, naishi Miyuji hapa Dodoma. Mke wangu alifariki mwaka juzi. Watoto wetu watatu wana miji yao. Nyumbani nimebaki mimi, kijana mmoja anayenisaidia kuchota maji na kuangalia bustani, na sasa mbwa. Huyo mbwa ndiye aliyenifanya nikuandikie.

Sikumwomba. Mwanangu wa pili, anayefanya kazi Arusha, alikuja Novemba akiwa na mbwa jike kwenye kiti cha nyuma cha gari, ametandikiwa kanga. Alimchukua katika kituo kinachookota mbwa wa mitaani, kinawatibu na kuwatafutia watu wa kuwafuga. "Baba, nyumba imekuwa kimya mno," akasema. Siku mbili baadaye akarudi zake Arusha, mimi nikaachiwa mgeni asiyejua Kiswahili wala Kigogo. Kijitabu alichokuja nacho kinaonyesha ana kama miaka mitatu, amefungwa kizazi na amechanjwa kichaa cha mbwa. Kule kituoni walimwita Neema. Jina hilo halikumaliza wiki. Jirani yangu ana binti anaitwa Neema, na siku niliposimama uani nikaita "Neema, njoo ule!" alikuja mama yake, na hakuja kwa heri. Sasa anaitwa Karanga, kwa rangi yake.

Nimekulia Bahi, nimechunga mbuzi tukiwa na mbwa wanne. Walilala nje, walikula makombo, hakuna aliyewahi kuona sindano. Kwa hiyo nilidhani mbwa nawajua. Huyu simjui. Siku tatu za kwanza alijibana nyuma ya tanki la maji, hakula mbele ya mtu. Ukishika fagio anakimbia. Nikitoka na bakora yangu ya kutembelea anajikojolea palepale aliposimama. Nimeshika chaki miaka 36, na fimbo pia, siwezi kukudanganya, na alipofukua miche yangu ya nyanya nilimchapa moja. Tangu siku hiyo akinisikia nakohoa anahama. Jioni tu, nikikaa barazani na redio, ndipo anakuja kulala karibu na ngazi, hatua tano au sita kutoka nilipo. Nikisimama anaondoka. Naona wazi kwamba hanipendi.

Mvua zilipoanza, kupe wakamjaa masikioni. Jirani akanishauri nitumie dawa ya kuogeshea ng'ombe, nikaichanganya kwa kukisia na kizibo. Haikupita nusu saa, mbwa akaanza kutoka mate na kutetemeka. Tukamwosha kwa sabuni, tukamkimbiza kwa daktari wa mifugo kwa bajaji (dereva alidai nauli ya watu wawili). Akapona. Wiki mbili baadaye akaacha kula hata ule ugali wake. Ninampikia wa mahindi ya msimu uliopita yaliyoingia ukungu kidogo, ambayo sisi hatuyali tena. Mwili ukawa wa moto, fizi zikapauka, damu ikamtoka puani. Daktari akampima akasema ni homa ya kupe: vidonge kila siku kwa siku 28, kisha arudishwe kupimwa tena. Nilimuuguza mke wangu miezi minane, nikajifunza kuhesabu vidonge. Sikutegemea kuirudia kazi hiyo. Mpaka leo nimetoa shilingi 180,000.

Wiki hiyohiyo mtoto wa marehemu kaka yangu alinipigia. Binti yake anaanza kidato cha kwanza shule ya bweni, anahitaji tranka, godoro, ndoo na sare. Nikamwambia, "Mwanangu, sina." Keshokutwa yake akanikuta kwenye benchi nje ya kliniki ya mifugo, nimempakata mbwa. Akanisalimia, "Shikamoo baba mdogo," akapita. Hakuongeza neno. Jumapili habari ilikuwa imefika kwa dada yangu Kongwa: mwalimu anamtibu mbwa, mjukuu hana tranka.

Na juzijuzi, kama siku nne zilizopita, kijana wangu alipokuwa anamlazimisha kumeza kidonge, Karanga alimng'ata kidole. Damu ilitoka kidogo. Tuliosha kwa maji ya chumvi tukafunga kitambaa. Kwa kuwa mbwa amechanjwa, sikuona haja ya hospitali.

Nimrudishe Arusha? Mkataba wa kituo unaruhusu. Au nimpeleke Bahi kwa mdogo wangu mwenye mbuzi, akawe mbwa kama mbwa wengine? Au nibaki naye niwe kichekesho cha ukoo? Mwanangu nikimwambia namrudisha atalia, namjua.

Mwalimu Mstaafu, Miyuji

*

Mzee wangu, shikamoo.

Barua yako ilipofika nilikupigia kwenye namba uliyoiacha, kwa sababu ilikuwa na jambo lisiloweza kungoja zamu ya kuchapwa. Nalirudia hapa kwa ajili ya wasomaji wengine wenye mbwa. Kidole cha kijana.

Kijitabu cha chanjo ni habari njema, lakini hakimtibu aliyeng'atwa. Jeraha la meno ya mbwa huoshwa kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, dakika 15 kwa saa ya ukutani, kisha mtu anakwenda kituo cha afya siku hiyohiyo na kijitabu mkononi. Anayeamua kama achomwe chanjo ni mhudumu wa afya, mwenye mbwa hana mamlaka hayo hata kama ni mwalimu. Siku nne zilikuwa zimepita, na kwenye simu ulihofu kwamba mmechelewa. Hamkuwa mmechelewa. Kichaa cha mbwa kwa binadamu mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu kujitokeza, japo kinaweza kujitokeza baada ya wiki moja au kungoja hata mwaka, na sindano zinafanya kazi kabla dalili hazijaanza. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Karanga naye aangaliwe siku kumi tangu siku aliyong'ata, palepale nyumbani. Akizimaliza bila dalili za ugonjwa huo, hakuwa na virusi kwenye mate siku ile. Na daktari wa mifugo aambiwe habari ya kidole, maana mbwa aliyetetemeka wiki chache zilizopita na sasa hali chakula hatakiwi kukisiwa na mimi wala wewe.

Hapo sikukuachia nafasi ya kuchagua, nisamehe. Kuna jambo la pili dogo ambalo pia sitalizungukia: yale mahindi. Uliyataja kwa kupita tu, lakini mimi yamenikaa. Wewe ni mtu wa Dodoma, unakumbuka mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu ya ukungu, ilivyoua watu katika mkoa wako na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi. Sumu ile inashambulia ini, na ini la mbwa halina kinga ya pekee. Huyu tayari ana ugonjwa unaompunguzia damu. Yafukie. Mwambie pia daktari kwamba alikuwa anayala, ili akimpima ajue anatafuta nini.

Sasa tuje kwenye ulichoniuliza. Umeniwekea njia tatu: Arusha, Bahi, au kubaki naye na kuchekwa. Nilipoisoma barua mara ya pili niliona maswali mawili yamefungwa kwenye kitambaa kimoja. Moja ni la mbwa: je, huyu atakuwa mbwa wangu kweli? Jingine ni la ndugu: je, nimekosea kumpa mnyama nilichomnyima mtoto? Ukimrudisha Karanga Arusha kesho, swali la pili utabaki nalo hapo barazani. Ndiyo maana ningependa uyatenganishe kabla ya kuamua lolote.

Nianze na mbwa. Umeandika "hanipendi" kama anayesahihisha mtihani. Lakini mistari miwili juu yake umeandika pia kwamba jioni anakuja mwenyewe, haitwi na mtu, analala hatua tano au sita kutoka kwenye kiti chako. Ua lako ni kubwa, angetaka kukukwepa angeenda kulala nyuma ya tanki. Ninavyojua mimi, mbwa aliyeokotwa mtaani anapima umbali kwa hatua, na hatua tano ni pungufu ya alizoanza nazo. Sisemi kwamba anakupenda, hilo sijui nilipimeje kutoka hapa. Nasema ushahidi ulionao hauelekei upande mmoja.

Watu wanaolea mbwa wa vituo wana hesabu yao ya mkono: siku tatu za woga mtupu, wiki tatu za kuanza kuzoea ratiba ya nyumba, miezi mitatu ndipo mnyama aone kwamba hapa ni kwao. Ni hesabu ya kukadiria, wengine huchukua mwaka. Tazama Karanga amepata nini katika miezi yake ya kwanza kwako. Safari ya zaidi ya kilomita 400, jina jipya, fimbo moja, sumu ya ng'ombe, homa, sindano, na kidole kinachosukumwa mdomoni kila siku. Kwa upande wake nadhani hesabu haijaanza.

Mbwa wako wa Bahi walizaliwa pale pale, mama yao akiwa pale, wakijua harufu ya kila mtu wa boma. Huyu umempokea ameshakuwa mtu mzima, na huko alikotoka kuna aliyemfundisha fagio ni nini. Kwa hiyo bakora unayoiona wewe kuwa mguu wa tatu, yeye anaiona kitu kingine. Akijikojolea hakukosei adabu. Anakuomba usimpige kwa lugha pekee aliyonayo. Kumchapa kwa ajili ya nyanya nakuelewa, miche inauma, lakini kilichobaki kichwani mwake ni wewe na kikohozi chako, nyanya hazimo.

Kuhusu vidonge, kwa sababu hapo ndipo mmeumizana. Kijana asimshike taya tena. Kidonge kifichwe ndani ya tonge dogo la ugali lenye dagaa wa kusaga au kipande cha maini, apewe tonge moja tupu kwanza, la pili lenye dawa, la tatu tupu tena. Muulize daktari jina la dawa: kama ni doksisaiklini, ambayo ndiyo hutumika sana kwa homa hiyo, isipewe kwenye maziwa kwa sababu maziwa yanaizuia kuingia mwilini, na isipewe tumbo tupu kwani itamtapisha. Huenda ndani ya siku mbili au tatu akaamka na kuanza kula, na hapo kishawishi cha kuokoa hela ya vidonge vilivyobaki kitakuja. Ugonjwa ukikatishwa katikati unaweza kujificha mwilini, ukarudi miezi ya mbele ukiwa umefika kwenye uboho, huko damu inakotengenezwa. Nikuambie na upande mwingine pia: wapo wanaomaliza dawa na wasipone. Kipimo cha kurudia ndicho kitakachokuonyesha yuko wapi.

Homa hiyo haikupati wewe kwa kumpapasa, inapitia kwa kupe. Na kupe wa mbwa, tofauti na yule wa ng'ombe uliyemzoea malishoni, anapenda nyumba. Jike akishiba anashuka, anapanda ukutani, anataga mayai kwa maelfu kwenye nyufa. Ukimtibu mbwa ukaacha nyufa za banda na ile kona ya tanki, utalipia vidonge vingine kabla mvua hazijaisha. Omba dawa ya kupe iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kwa uzito wake. Hiyo ya ng'ombe umeshaona kazi yake.

Nageukia benchi la kliniki, mahali ambapo nadhani panakuuma zaidi ya kidole na zaidi ya 180,000.

Ndugu zako wana hoja, tusiwadharau. Ng'ombe akiugua Ugogo mzima unaelewa, Mpwapwa kumekuwa na wataalamu wa mifugo tangu enzi za mkoloni na hakuna aliyeona haya kupeleka mnyama. Ng'ombe ana bei mnadani. Karanga hana. Ukisema nchi ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008 inayomtaka mwenye mnyama asimwache akateseka, utakuwa umesema kweli, lakini sidhani dada yako Kongwa atakuelewa vizuri zaidi.

Ila nikuulize, baba. Yule mtoto wa kaka yako aliumia kwa sababu mbwa alitibiwa, au kwa sababu alisikia "sina" kisha akakuona unacho? Mimi sikuwepo, wewe uliona uso wake. Ungemwambia, "Mwanangu, mwezi huu nina mgonjwa hapa na kilichobaki ni hiki," pengine angenuna, pengine angecheka na kukuita mzungu. Lakini kitu alichopita nacho pale benchini ni kizito kuliko tranka.

Unaweza kumpigia ukamwambia ilivyokuwa. Unaweza kuchukua kitu kimoja katika orodha yake, godoro kwa mfano, ukalinunua wewe mwenyewe na kulikabidhi kwa binti. Hatari yake ni kwamba itaonekana ni faini umejitoza, na ukoo ukishajua faini inalipika watarudi. Unaweza pia kukaa kimya hadi yaishe, wako wanaofanya hivyo na maneno yanapoa, lakini binti atakwenda shule na kumbukumbu hiyo na wewe ni mwalimu, unajua watoto wanavyotunza kumbukumbu. Sina lililo bora la kukupa. Wewe ndiye unayejua kama mlango wa mtoto wa kaka yako hufunguliwa kwa simu au kwa kwenda kukaa naye.

Kuna mtu mwingine aliyemo katika hesabu hii ambaye hujamgusa: mwanao wa Arusha. Alikuletea zawadi inayokula, inayougua na inayotaka bajaji, kisha akaondoka. Kwa nini gharama yote iko kwako? Umeandika kwamba atalia, ukafunga mlango hapo. Inawezekana atalia. Inawezekana pia akatuma nusu ya hela jioni hiyohiyo na kushangaa kwa nini hukusema mapema. Alikwambia nyumba imekuwa kimya, na nahisi hata simu zenu zimekuwa kimya kuhusu mambo haya. Mpe taarifa kamili, pamoja na ile dawa ya ng'ombe ambayo sidhani umemweleza.

Na zile njia zako tatu. Arusha si aibu. Kituo kimeweka kipengele cha kurudisha kwa kuwa wanajua mambo hushindikana. Lakini mbwa mgonjwa kwenye gari siku nzima, aliye ndani ya siku kumi za uangalizi, hapana, angalau ngoja amalize siku hizo na vidonge. Bahi kunanipa shaka zaidi. Mbwa wa mbuzi hulelewa na mbuzi tangu akiwa mtoto. Huyu amekulia mtaani, na akimwona mbuzi anakimbia sijui atafanya nini, ila najua mfugaji hufanya nini kwa mbwa anayekimbiza mbuzi. Tena huko kuna kupe kuliko Miyuji, na sioni nani atakayehesabu vidonge. Kama mdogo wako ni mtu wa kujali, mwalike aje kwako amwone kwanza, badala ya kumpelekea mzigo. Kubaki naye kuna hatari yake pia. Ana miaka mitatu, anaweza kuishi kumi zaidi, na wewe una 66. Nani atamchukua ukilazwa? Kila mwaka kuna chanjo ya kumfuatilia, ingawa kampeni za chanjo ya kichaa hupita, hasa kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, uliza ofisi ya mifugo ya kata yako. Na kuna jambo ambalo umelisema kwa sentensi moja tu ukalipita, habari ya miezi minane na vidonge. Karanga akifa katikati ya hizi siku 28, nani atakuwa nyumbani nawe jioni hiyo? Naomba ulifikirie kabla, na umtajie mtu mmoja, hata kama ni yule kijana mwenye kitambaa kidoleni.

Kwa sasa, usiku wa leo, kama magoti yanaruhusu, iache bakora nyuma ya mlango. Kaa barazani na redio yako kama kawaida, mgongo au ubavu kwake, usimtazame machoni. Weka tonge moja kwenye ngazi ya chini, lisilo na dawa. Halafu niandikie majibu ya kidole.